Probox ya 2014 na kona za Kasulu

Mwaka 2014 Toyota waliifumua Probox kwa mara ya kwanza tangu ilipotoka mwaka 2002. Madereva wa michomoko, yaani teksi za kuchangia, wa Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma huitambua ile mpya kwa sura yake ya mbele, na wanaoagiza magari huitambua kwa namba ya chesisi: ya zamani yenye injini ya 1.5 huanza na NCP51, mpya NCP160. Wakishabishana kuhusu nafasi ya mizigo na ulaji wa mafuta, mazungumzo huishia hapo. Badiliko lililo kubwa kuliko yote halionekani kwa nje wala halisikiki mtu anapoendesha: tangu toleo hilo, kila Probox hutoka kiwandani ikiwa na VSC, yaani kidhibiti mserereko.

Wakati wenyewe una maana. Serikali ya Japani ilishaamua kwamba magari ya abiria ya miundo mipya yawe na kifaa hicho kuanzia Oktoba 2012, na miundo iliyokuwa tayari sokoni ifuate ifikapo Oktoba 2014. Vigari vidogo kabisa vya injini ya sentimita za ujazo 660 vilipewa muda zaidi, hadi 2018. Probox ilikipata karibu na siku hiyo ya mwisho.

Swali la kama kidhibiti mserereko kiwe lazima kwenye magari mapya ya familia limeshajibiwa Tokyo, Brussels na Washington, na jibu lilikuwa ndiyo. Kwetu linakuja kwa umbo jingine, kwa sababu gari la familia la Kasulu huwa limeshaishi maisha yake ya kwanza Japani. Swali la mnunuzi wa hapa ni moja tu: gari hili liliundwa kabla au baada ya Oktoba 2014?

Tuanze na kazi ya kifaa hiki. Ndani ya gari mna vihisi vinne vya mwendo, kimoja kwa kila gurudumu, vilevile vinavyotumiwa na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge wakati wa breki. Kuna kihisi kwenye mhimili wa usukani kinachosoma dereva amekata kiasi gani. Kuna kingine, mara nyingi katikati ya gari chini ya dashibodi, kinachopima mambo mawili: gari linavyojizungusha, na linavyosukumwa pembeni. Kompyuta hulinganisha anachotaka dereva na kinachofanywa na gari, mara 25 kwa sekunde kwa hesabu ya Bosch, waliokitengeneza kifaa hiki pamoja na Mercedes-Benz na kukiingiza sokoni mwaka 1995. Mambo hayo mawili yakipishana, breki hukamata gurudumu moja peke yake, kitu ambacho mguu wa binadamu hauwezi, kwa kuwa pedali ni moja na magurudumu ni manne.

Chukua kona ya kulia. Nyuma ya gari ikianza kuchomoka kuelekea kushoto, kifaa hukamata gurudumu la mbele la kushoto. Gari huvutwa kinyume na mzunguko wake na kunyooka. Ikiwa ni pua inayokataa kuingia kona na gari linaendelea moja kwa moja kuelekea mtaroni, hukamatwa gurudumu la nyuma la kulia, na pua hurudishwa ndani. Wakati huohuo nguvu ya injini hupunguzwa hata kama mguu bado uko kwenye mafuta. Yote haya humalizika kabla dereva hajajua kuwa alikuwa matatani. Wengi hujua tu kwamba kitaa cha manjano chenye picha ya gari na mikia miwili ya nyoka kimewaka kidogo kikazima.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo barabarani. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 zilizojengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika chini ya usimamizi wa wakala wa barabara, TANROADS, imebadilisha aina ya ajali inayowezekana katika nchi ya Waha. Kwenye vumbi na mashimo ya zamani, gari dogo lilikuwa linajipunguza mwendo lenyewe. Aliyekimbia aliadhibiwa na springi na shokomzoba. Lami haiadhibu. Inapita kwenye vilima vilevile, na njia za udongo mwekundu za vijijini bado zinaingia humo kila upande. Masika yakishika, malori na pikipiki zinazotoka mashambani hubeba tope kwenye matairi na kulipaka juu ya lami pale njia panda. Dereva anatoka kwenye lami kavu, anaingia kona, anakuta utelezi wa mita 20, kisha lami kavu tena.

Kwa hesabu ya fizikia ya sekondari, kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 80, lami kavu yenye msuguano wa 0.7 inalibeba gari hadi kilomita 84 kwa saa. Msuguano ukishuka hadi 0.3 kwa sababu ya tope, kikomo kinashuka hadi kilomita 55. Aliyeingia na 70 alikuwa salama kabisa mita chache nyuma, na sasa sheria za maumbile hazimruhusu kupita. Hapa watetezi wa kifaa hiki wasitie chumvi: VSC haiongezi msuguano hata chembe. Inachofanya ni kupunguza mwendo mapema na kulizuia gari lisigeuke ubavu. Gari linalotoka barabarani likitanguliza pua lina bampa, injini na mifuko ya hewa ya kulikinga. Linalotoka kwa ubavu hugonga mti kwa mlango, au hukwama ukingo wa mtaro na kubingirika. Tofauti kati ya ajali hizo mbili inasaidia kueleza kwa nini takwimu za faida ya kifaa hiki ni kubwa.

Dunia ilishtuliwa na Waswidi. Oktoba 1997 mwandishi wa jarida la magari la Teknikens Värld, Robert Collin, aliliendesha gari jipya la Mercedes-Benz A-Class kwenye jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, kwa kuwa huko hofu ya dereva ni mnyama mkubwa wa msituni anayekatiza barabara. Gari likapinduka. Kampuni ilianza kwa kubisha, kisha ikasimamisha mauzo, ikarekebisha vyuma vya chini, na kuanzia 1998 ikaweka kidhibiti mserereko kwenye kila A-Class. Kifaa kilichokuwa kimezaliwa kwa ajili ya magari ya matajiri kikashuka kwenye gari dogo la familia kwa sababu ya aibu. Viwanda vilipoanza kukizalisha kwa wingi, bei yake ikaporomoka.

Kisha wakaja wahesabu ajali. Claes Tingvall na wenzake huko Sweden walikuta mwaka 2004 kwamba magari yenye kifaa hiki yalipata asilimia 22 pungufu ya ajali, na kwenye barabara zenye maji punguzo lilifika asilimia 32. Takwimu ya maji ndiyo inayotuhusu. Marekani, taasisi ya bima ya IIHS ilieleza mwaka 2006 kuwa hatari ya ajali ya kifo ya gari moja peke yake hushuka kwa asilimia 56. Mwaka 2007 mamlaka ya usalama barabarani ya huko ikaandika kanuni: magari yote mepesi mapya yawe nacho ifikapo Septemba 2011. Walikadiria kwamba kwa gari ambalo tayari lina ABS, nyongeza ni dola 111. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa magari yote mapya Novemba 2014.

Napenda jinsi Wamarekani walivyoandika kanuni yenyewe, maana haikuishia kutaja kifaa tu. Gari hupelekwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, roboti hukata usukani kushoto na kulia kwa nguvu, kisha husubiriwa. Sekunde moja baada ya usukani kunyooka, gari lisiwe linajizungusha zaidi ya asilimia 35 ya kilele chake. Baada ya sekunde 1 na robo tatu, lisizidi asilimia 20. Likishindwa, haliuzwi. Sheria inayopima matokeo haina mwanya wa kuweka kitaa kwenye dashibodi bila mashine nyuma yake.

Mwanya huo kwetu upo wazi. Gari lililofika Kigoma lina miaka kadhaa mgongoni, na VSC huishi kwa vihisi. Fundi akipima alaimenti bila kurudisha sifuri ya kihisi cha usukani, kompyuta inaweza kuamini gari linakata kona wakati linakwenda moja kwa moja. Waya wa kihisi cha gurudumu ukikatwa na jiwe, mfumo mzima hujizima na kitaa huwaka daima. Mwenye gari akilalamika, dawa ya haraka mitaani ni kukichomoa kitaa. Tangu hapo gari lina mwaka mzuri kwenye kadi na halina ulinzi. Ukienda kununua, zungusha ufunguo hadi hatua ya kabla ya kuwasha injini: kitaa cha mserereko lazima kiwake, kisha kizime baada ya sekunde chache. Kisipowaka kabisa, ama kifaa hakijawahi kuwepo ama kuna mtu amekificha.

Kuna pia desturi ya kuinua magari. Barabara za udongo za huku zimewafundisha watu kuweka spesa na springi ndefu kwenye vigari vya Toyota kama IST na Probox ili tumbo lisikwaruze. Nawaelewa. Lakini kituo cha uzito kikipanda, gari hubingirika kwa urahisi zaidi, na programu ya VSC iliandikwa kwa kimo cha kiwandani. Ongeza matairi ya ukubwa tofauti mbele na nyuma, ambayo hudanganya vihisi vya mwendo, na watu wanane kwenye gari la watano. Hakuna mhandisi wa Toyota aliyewahi kuipigia hesabu hali hiyo.

Pia madereva wana lalamiko la haki dhidi ya kifaa hiki. Kwenye tope zito, gurudumu likianza kuzunguka bure, mfumo hukata nguvu ya injini wakati nguvu ndiyo inayohitajika, na gari linakwama mlimani. Ndiyo maana kuna kitufe. Kwenye Toyota nyingi, kukibonyeza mara moja huachia injini ifanye kazi, na ukishatoka topeni unakirudisha. Kwenye changarawe nyepesi ABS nayo inaweza kurefusha umbali wa kusimama. Dereva wa Makere, wilayani Kasulu, ambaye nusu ya siku yuko kwenye lami na nusu yuko njia ya shamba anapaswa kujua kitufe hicho kilipo, na sijaona shule ya udereva inayokifundisha.

Serikali ina nyenzo gani? Kenya imefika bila kulitamka neno lenyewe. Huko gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likizidi miaka 8, hivyo gari la kawaida linaloingia Mombasa kutoka Japani leo limeundwa baada ya tarehe ya mwisho ya Wajapani. Uganda wameweka kikomo cha miaka 15, na mlango wao bado unapitisha magari ya zamani. Tanzania haizuii kwa umri, inatoza. Gari dogo la abiria lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililozidi 10 asilimia 30. Inaonekana kali, ila ni asilimia ya thamani, na thamani ya gari kuukuu ni ndogo. Mnunuzi wa Kasulu akikokotoa, mara nyingi gari la 2006 pamoja na adhabu yake bado ni rahisi kuliko la 2016 lenye adhabu nafuu. Ushuru uliokusudiwa kumsukuma kwenye gari jipya zaidi unamwacha alipokuwa.

Mimi siungi mkono kunakili kikomo cha Kenya. Kingemwondoa barabarani mwalimu wa Kibondo ambaye IST ya 2005 ndiyo uwezo wake, na kumrudisha kwenye bodaboda, ambako hakuna kifaa chochote cha kumlinda. Bora ushuru wa umri ukubali kushuka kwa gari linalothibitika kuwa na kidhibiti mserereko kinachofanya kazi, na Shirika la Viwango, TBS, ambao ukaguzi wa magari yaliyotumika tayari uko mikononi mwao, wakipime kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari badala ya kutazama dashibodi. Kifaa cha kusoma ni kidogo na kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Kwa magari ya abiria ningekuwa mkali zaidi. Abiria wa mchomoko hakuchagua gari, alilikuta stendi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndiyo inayotoa leseni za usafirishaji, na inaweza kuanza na njia moja, tuseme Kasulu–Kibondo, kwa sharti kwamba Probox inayoomba leseni mpya iwe ya NCP160 au toleo lolote la baada yake, kitaa chake kiwake na kuzima inavyopaswa. Walio na NCP51 wamalize muda wa leseni zao. Wenye magari watasema nauli itapanda, na huenda ikapanda kidogo, kwa kuwa Probox ya 2015 ina bei kubwa kuliko ya 2008. Kinachobaki ni kukaa nao mezani na kupiga hesabu ya nauli hiyo, kilomita kwa kilomita.