Karatasi Iliyokuja na Bakuli

Uhakiki huu ni wa karatasi. Si kitabu, si tasnifu. Ni karatasi ya nusu ukurasa, iliyokunjwa mara nne ndani ya boksi la bakuli la kioo ambalo dada yangu alimnunulia mwanawe Kariakoo, si mbali ukishavuka Mtaa wa Lumumba kutoka Mnazi Mmoja. Upande mmoja imeandikwa Kichina, upande wa pili Kiingereza cha kubahatisha. Kiswahili chake kilitoka mdomoni mwa muuzaji. Na kabla hujaniuliza kwa nini nahangaika na kikaratasi, nami nikuulize: ni maandishi gani kuhusu ufugaji wa samaki wa urembo yanayofika mikononi mwa watu mjini hapa? Ni hayo hayo, pamoja na maneno ya muuzaji. Basi tuyasome kwa ukali ule ule tunaosomea makala za wenzetu, kwa sababu haya yanaua.

Bakuli lilikuwa la lita 5. Samaki wa dhahabu walikuwa watatu. Siku ya nne mpwa wangu akanipigia simu: "Mjomba, samaki mmoja analala ubavu." Dada akaichukua simu akaniapia kwamba amefuata kila kitu. Maji yote kayamwaga jana, kokoto kazisugua kwa maji ya moto, bakuli linameremeta. Nilimwamini. Ndiyo shida yenyewe, kwamba alifuata. Jumapili wakabaki wawili, Jumatano hakuna hata mmoja. Aliporudi kulalamika akaambiwa, "Dada, hawa samaki wana roho nyepesi. Chukua wengine."

Sasa hapo nakataa. Samaki wa dhahabu akitunzwa vizuri huishi miaka 10 na zaidi, na huweza kupita sentimita 20. Kiumbe kama huyo huwezi kumwita mwenye roho nyepesi. Mwepesi ni ushauri.

Sentensi ya kwanza ya karatasi inasema: mwaga maji yote kila wiki na usafishe kila kitu. Inasikika kama busara, maana sisi tumelelewa kwamba usafi ni kusugua. Lakini hebu tazama kinachotokea ndani ya maji. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua, kila anapohema. Chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu kwa samaki huyo huyo aliyeitoa. Ziwani au mtoni inachukuliwa na maji mengi. Kwenye bakuli haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni bakteria, ambao hula amonia na kuigeuza nitriti, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni mbaya, huzuia damu kubeba oksijeni. Nitrati ina nafuu, na hiyo ndiyo tunayoipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kidogo.

Bakteria hao hawaelei tu majini. Wanajishikiza: kwenye kokoto, kwenye kioo, kwenye sponji ya chujio. Tangi jipya huchukua wiki kadhaa, mara nyingi nne mpaka sita, kabla hawajawa wengi wa kutosha. Dada yangu alikuwa akiwaua kwa maji ya moto kila wanapotaka kuanza. Kwa maneno mengine, karatasi ilimwagiza arudishe tangi siku ya kwanza kila wiki, milele, na samaki wakiwa ndani.

Niliyapeleka maji ya lile bakuli maabarani kwetu. Kile kipimo cha amonia cha matone huanza njano, na kadiri amonia inavyozidi ndivyo kinavyogeuka kijani. Chetu kiligeuka kijani cha majani ya mgomba.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi haligusi kabisa, nalo kwetu ni zito. Si amonia yote inayoua kwa kiwango kimoja. Ndani ya maji inakuwa katika hali mbili, moja kali sana na nyingine yenye nafuu, na kinachoamua ni pH pamoja na joto. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na pH 7, sehemu kali haifiki hata asilimia 1. pH ikipanda hadi 8 inakuwa karibu asilimia 5. Ikifika 9, ni zaidi ya theluthi ya amonia yote. Joto likizidi, sehemu hiyo inaongezeka tena. Kwa hiyo mtu wa Dar anayefuga samaki kwenye maji ya moto hana ile nafasi ya kukosea aliyonayo mtu wa nchi ya baridi. Ushauri ulioandikiwa sebule ya nyuzi 18 hauwezi kuletwa Kariakoo kama ulivyo, ukatarajia majibu yale yale.

Na ndiyo maana sentensi ya pili ilinichekesha kwa uchungu: weka hita. Muuzaji hakuisahau, alikuwa nayo kwenye rafu, na dada akainunua. Hita, Dar es Salaam, mwezi wa Januari! Maji ya ndani ya nyumba tu yanakaribia nyuzi 30 yenyewe. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.6. Samaki wa dhahabu asili yake ni China, kwenye maji ya baridi kuliko yetu, na kadiri anavyopata joto ndivyo mwili wake unavyodai oksijeni zaidi. Tunampunguzia hewa huku tukimwongezea mahitaji. Halafu bakuli lenyewe ni la duara, limejazwa hadi shingoni pale linapobana, kwa hiyo uso wa maji unaopokea hewa umekuwa mdogo kama kisahani. Kama una hela ya hita, nunua pampu ya hewa. Na kwa kuwa umeme wetu unaujua, usitegemee pampu peke yake. Chukua chombo kipana na samaki wachache, ili ikizimika usiku wafike asubuhi.

Kuhusu maji yenyewe karatasi inasema "maji safi", basi. Ya bomba yanayotoka Ruvu hutiwa klorini, na klorini inaua samaki na bakteria wako pia. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima usiku na mchana, au uyapulizie hewa kwa pampu. Usiyakinge moja kwa moja. Maji ya kisima cha jengo ni habari nyingine. Hapa katikati ya mji baadhi ya visima vina chumvi, na ulimi wako ni kipimo cha kwanza kizuri tu.

Nitende haki: mstari mmoja uko sahihi, usitumie sabuni. Asante. Ule wa "lisha mara tatu" ungeongezewa "kidogo", kile kinacholiwa kikaisha ndani ya dakika mbili. Na ule msemo wa muuzaji kwamba samaki hukua kulingana na chombo chake, tafadhali usiurudie mbele ya watoto. Samaki aliyedumaa kwenye bakuli hakukubaliana na ukubwa wa bakuli. Anaumwa.

Ila hasira yangu kubwa haiko kwenye makosa hayo. Iko kwenye kile ambacho karatasi, muuzaji na sisi wanunuzi tumekubaliana bila kusema: kwamba samaki wa urembo ni kitu cha kutoka nje, na elimu yake itoke huko huko. Ziwa Tanganyika lina aina za siklidi zipatazo 250, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wafugaji wa Ujerumani na Marekani hutaja Ikola na Kipili kila siku, kwa sababu samaki wao huuzwa kwa majina ya vijiji vyetu. Kuna siklidi wa Ziwa Viktoria, dume lake lina mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni, ambaye watafiti wa Kiholanzi walimpa jina la Mwalimu mwaka 1985. Leo anaitwa Pundamilia nyererei, na ndiyo, hilo la kwanza ni punda milia yule yule. Ni samaki wa joto letu. Hahitaji hita hapa. Nimezunguka Kariakoo Jumamosi mbili nikimtafuta, nimeambulia samaki wa dhahabu na gapi.

Ushauri wa kuzalisha ndiyo unaonyesha zaidi umaskini wa karatasi. Inasema: tenganisha vifaranga na wazazi. Kwa gapi ni kweli, maana mama mwenyewe anawala. (Na ukinunua gapi jike mmoja peke yake, usishangae akizaa mara kadhaa, hutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi.) Lakini mchukue Neolamprologus brichardi wa Tanganyika, aliyepewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akivua na kusafirisha samaki kutoka Bujumbura. Kwa samaki huyu vifaranga wakubwa hubaki nyumbani wakalinda wadogo zao. Ukiwatenganisha umevunja familia, na umekosa kitu kizuri kuliko vyote ambacho tangi hilo lingekuonyesha. Nyererei naye jike huatamia mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu, karibu bila kula. Anayefuata karatasi atadhani ni mgonjwa, atamtia dawa.

Kwa nyererei kuna onyo ambalo lingefaa kubandikwa kwenye kila duka linalouza zile taa za rangi za kubadilika badilika. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba majike wa siklidi hawa huchagua dume kwa rangi, na maji ya Ziwa Viktoria yakichafuka mpaka rangi zisionekane, mipaka kati ya spishi inalegea. Maabarani, chini ya mwanga unaoficha rangi za madume, majike walishindwa kuwabagua wa kwao. Sasa wewe weka aina mbili zinazokaribiana kwenye tangi moja, uwashie taa ya zambarau, halafu uuze vifaranga kwa jina la Nyerere. Utakuwa umeuza nini? Weka taa nyeupe, aina moja, dume mmoja kwa majike kadhaa na mawe ya kujificha.

Kitabu cha Brichard cha mwaka 1978 kuhusu samaki wa Tanganyika ni bora mara mia kuliko karatasi yetu, kwa kuwa mwandishi aliwatazama samaki chini ya maji, kwao. Lakini ni cha Kiingereza, ni cha zamani, na sidhani dada yangu angekikuta karibu na lile duka.

Wala si lazima twende Kigoma. Kwenye madimbwi ya msimu ya nyanda za Ruvu wapo Nothobranchius, samaki wadogo wenye rangi za kanga. Unguja ina wa kwake, N. guentheri, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1893 na asiyepatikana kwingine. Mvua zikinyesha wanaanguliwa, wanakua upesi, wanataga kwenye tope, na dimbwi likikauka wanakufa wote. Mayai hungoja humo ardhini mvua nyingine. Wafugaji wa Ulaya huiga kiangazi hicho kwa kuweka mayai kwenye peti yenye unyevunyevu kwa miezi, kisha kuyamwagia maji. Wengine badala ya peti hutumia nyuzi za makumbi ya nazi zilizochemshwa. Makumbi ya nazi, jamani. Tunayatupa.

La mwisho muuzaji alilisema kwa wema kabisa: mkichoka nao, waachieni mtoni. Usifanye hivyo. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria na watu wenye nia njema pia, na furu wa aina nyingi sana hawajaonekana tena. Sato naye, aliyepandikizwa kwenye maji ambayo si yake, anazaliana na perege wa asili wa mito yetu ya mashariki na kuchanganya damu. Samaki usiyemtaka mpe jirani.

Mpwa wangu sasa ana tangi la lita 60 tulilotengenezewa na fundi vioo. Lina kokoto, sponji na pampu ya hewa, samaki hamna. Ni wiki ya tatu. Kila jioni anadondosha punje chache za chakula ndani ya maji matupu ili ziwalishe bakteria, na watoto wa jirani wanamcheka kwamba anafuga mizimu. Jumamosi tulipima pamoja. Amonia ilibaki njano. Nitriti bado zambarau, na gapi wataendelea kungoja.