Narmad na Tuhuma ya Usaliti: Tahakiki ya Tawasifu ya Mari Hakikat

Narmadashankar Dave (1833–1886), mwandishi wa Kigujarati aliyejulikana kama Narmad, mara nyingi huhakikiwa kama mwanamageuzi aliyeyakana mafundisho yake mwenyewe. Alitetea haki ya wajane kuolewa tena, naye akaoa mjane. Kisha katika Dharmavichar akarejea upande wa mapokeo. Hukumu hiyo ya usaliti inaipuuza Mari Hakikat, tawasifu aliyoiandika mwaka 1866 bila kukusudia isomwe na umma angali hai. Ilitolewa kwa wasomaji mwaka 1933. Mwandishi asiye na hadhira hana wa kumridhisha, na Narmad hajipambi humo: anajihoji. Kwa mtu wa hulka hiyo, kubadili msimamo si lazima kuwe woga.

Hata hivyo, hoja hii ina mpaka. Tawasifu ya mwaka 1866 haiwezi kuwa shahidi wa miaka ya 1880. Wala njaa haipaswi kusahauliwa: mwaka 1858 Narmad aliacha ualimu, akaapa kuishi kwa kalamu, mwaka 1882, miaka tisa baada ya kukamilisha kuchapisha kamusi yake, Narmakosh, ufukara ulimlazimisha kupokea ajira.