Tunampenda Aliyeshindwa

Amundsen alifika Ncha ya Kusini 14 Desemba 1911. Scott alifika 17 Januari 1912, akakuta bendera ya Norway, kisha yeye na wenzake wanne wakafa njiani wakirudi.

Nimesoma vitabu vya wote wawili. Shajara ya Scott inaliza, lakini iliyotoka 1913 ilihaririwa kwanza, baadhi ya lawama zake zikaondolewa. Amundsen yeye ni hesabu tu: mbwa 52 wanaondoka, 11 wanarudi, na hafichi kwamba wengine waliliwa.

Mimi niliacha chuo, na watu hunitaka niisimulie kwa machozi. Sitaki. Scott ndiye mwandishi bora, hakuna ubishi. Lakini ninayemrudia ni Amundsen: wenzake wanne walirudi wazima.