'Yaliyohakikiwa' na nani?

Neno 'hakiki' lina nasaba moja na 'haki' na 'hakika'; mzizi wake wa Kiarabu unahusu ukweli. Kuhakiki makala, basi, ni kuyapima hadi kweli yake ijulikane.

Kanuni za mwaka 2014 za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zilimtaka mwanafunzi wa uzamifu achapishe makala mawili katika majarida yenye wahakiki. Nia njema. Lakini wanafunzi wa Kitale na Bungoma huniuliza swali moja tu: "Prof, hili linachapa kwa siku ngapi?" Majarida walaghai yanalijua hilo. Leo unatuma makala na pesa, kesho kutwa unaambiwa 'yamehakikiwa'. Na nani, jameni?

Mkulima wa Kitale haamini pakiti ya mbegu kwa maandishi yake tu. Hukwangua stika, akatuma nambari kwa KEPHIS. Msomi naye akwangue: wahariri ni nani? Maoni ya wahakiki yako wapi? Wasimamizi nao wadai maoni hayo yaambatishwe kwenye tasnifu. Jarida lisiloweza kuyatoa limeuza neno, halikuhakiki kitu.