Shahidi Aliyepita Njia Nyingine

Sisi wa Mkuyuni tunajua kwamba jina peke yake halitoshi. Ipo Mkuyuni yetu, kata ya Wilaya ya Nyamagana hapa Mwanza, na ipo Mkuyuni nyingine mkoani Morogoro. Katika kazi ya anwani za makazi iliyofanyika pamoja na maandalizi ya sensa ya mwaka 2022, nyumba zilipewa namba. Lakini mgeni akiuliza njia bado tunamtajia jina la mtu, duka au mti. Kompyuta nazo zina mkasa huo huo. Binadamu hukumbuka jina, mashine huenda kwa namba. Katikati hapana budi awepo mfasiri.

Hapo zamani mfasiri alikuwa faili moja tu la majina, lililotunzwa katika taasisi ya SRI huko California, na kila mwenye kompyuta akalinakili. Mtandao ulipokua, faili likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa kugawana kazi uitwao DNS, ambamo kila tawi hujibu yaliyo yake. Jina husomwa kutoka kulia: .tz ni Tanzania, sc.tz ni shule, ac.tz ni vyuo. Lakini faili la zamani halikufa. Kila kompyuta ingali na faili lake dogo liitwalo hosts, na kwa kawaida hulisoma hilo kwanza kabla ya kuuliza nje.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu juu ya programu tatu za kuuliza majina kwa kuandika amri: nslookup, dig na getent. Nazipima kama nilivyowapima walimu wanafunzi chuoni. Sikutazama wingi wa maneno. Nilitazama kama swali lililoulizwa ndilo lililojibiwa.

nslookup ndiyo ijulikanayo zaidi, na aghalabu ndiyo ya kwanza kufundishwa. dig ni fasaha kuliko hiyo: hutaja nani aliyejibu, na jibu laweza kuhifadhiwa kwa sekunde ngapi. Ufasaha huo nausifu. Ila zote mbili huuliza DNS tu. Zenyewe hazifungui faili la hosts. Kwa hiyo hutueleza yale DNS isemayo, ilhali sisi tulitaka kujua kompyuta hii itakwenda wapi. getent, iliyomo katika Linux, hufuata utaratibu ule ule ambao kompyuta imewekewa: faili kwanza, kisha DNS, au kinyume chake kama ilivyoandikwa.

Tofauti hii si ndogo. Katika shule moja, nikiwa mjumbe wa bodi, kompyuta ya ofisi ilishindwa kuifikia seva ya matokeo baada ya seva hiyo kubadilishiwa anwani. Fundi aliuliza kwa nslookup, akapata anwani mpya, iliyo sahihi. Akasema jina halina tatizo. Basi lawama ikamwangukia kijana mtunza maabara, kwamba amechezea nyaya, na barua ya kumwachisha kazi ikaanza kuandikwa. Mwalimu mmoja akaandika getent hosts na jina la seva. Ikatokea anwani ya zamani. Ndani ya faili la hosts kulikuwa na mstari mmoja uliowekwa miaka mingi nyuma na mtu aliyekwisha kuhama. Mstari ukafutwa, barua ikachanwa.

getent hujibu pia majina ya huduma. Ukiandika getent services ssh utapewa 22. Smtp ni 25, http ni 80. Hapa tahadhari yahitajika. Orodha hiyo ni makubaliano tu. Kujua mlango wa mganga ni wa tatu si kujua kwamba mganga yumo ndani.

Hata hivyo getent nayo ina ila, tena ila inayomuudhi mwalimu. Isipolipata jina hukaa kimya. Huacha namba 2 kama alama ya kushindwa, nayo haionekani mpaka uiulize. Mwanagenzi aonapo kimya hudhani mambo ni mema. Programu nyingine nyingi za Linux husema, lakini husema vibaya: jina au huduma haijulikani. Hiyo “au” ni ya kuchekesha. Ningemwandikia mzazi kwamba mwanawe ameanguka Hesabu au Kiswahili, angeanzia wapi kumsaidia?

Hukumu yangu ni hii. Anayeanza afundishwe getent kwanza, ajue kompyuta yake inaelekea wapi. Jibu likiwa na walakini, ndipo aichukue dig atafute kosa liko tawi gani. Mwenye Windows, ambako getent haipo, asiishie kwenye nslookup. Aandike ping na jina hilo, atazame namba ambayo mashine yenyewe imeichagua.

nslookup haikusema uongo katika shule ile. Ilisema kweli tupu, juu ya njia ambayo kompyuta haikupita. Shahidi wa namna hiyo ni wa hatari kuliko mwongo, kwa kuwa hakuna anayemtilia shaka. Kabla hatujaiandika barua ya kumwadhibu mtu, tumuulize shahidi wetu: wewe ulipita wapi?