Saa Inayosema Kama Watu

Katika chumba kidogo Chang'ombe, fundi wa programu anaunda mfano wa safari za daladala kati ya Tandika na Kariakoo. Magari, vituo na abiria vimeshakaa kwenye kioo. Leo kazi yake ni saa tu.

Anaanzia chini. Wakati anauhifadhi kama idadi ya milisekunde, namba nzima isiyojua asubuhi wala jioni. Desimali anazikwepa, kwa kuwa ndani ya kompyuta 0.1 ikijumlishwa mara 10 haitoi 1 kamili, na upungufu huo hujilimbikiza.

Kisha anapanga matukio: gari kufika, abiria kushuka, taa kuwaka. La mapema hutangulia. Mawili yakigongana, anayapa namba za zamu, ili mfano ukirudiwa yafuatane vilevile.

Inakuja kasi. Ikiwa 60, dakika ya barabarani hupita kwa sekunde moja ya mezani. Mtu akibadili kasi katikati ya safari, saa hairuki: fundi ameagiza programu iandike wakati uliofikiwa, na hesabu mpya ianzie hapo.

Ndipo anapogusa uso wa saa. Huchukua saa ya kompyuta, hujumlisha 6, hugawanya kwa 12, hushika baki. Baki likiwa sifuri, huandika 12. Kwa hiyo 07:00 inasomeka saa 1 asubuhi, na 18:00 saa 12 jioni. Milisekunde za chini hazikuguswa.

Usiku ndio unaomweka sana. Kompyuta hubadili tarehe saa 6 usiku, lakini dereva aliyelaza gari saa 8 bado anahesabu kuwa ni Jumanne. Fundi anajaribu maneno, anafuta, anajaribu tena. Mwishowe kioo kinaandika: saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano. Hapo tarehe ya kompyuta na kauli ya dereva hazigombani.

Anakagua mipaka mmoja mmoja, dakika kwa dakika: 12:59 asubuhi ifuatwe na 1:00, siku ikiwa ileile, 12:59 jioni ifuatwe na saa 1 usiku. Akiridhika, anamkabidhi kibodi dereva mstaafu. Mzee anaandika saa 11 alfajiri, anabonyeza, na gari la kwanza linatoka Tandika. Hakuuliza swali hata moja.