Kulitambua Chujio Bora la Chini ya Sinki

Chujio la osmosisi ya kinyume ni mtambo mdogo unaofungwa ndani ya kabati la sinki la jikoni, nao huyasukuma maji yapenye utando wenye vitundu vidogo mno, kiasi kwamba molekuli za maji hupita ilhali sehemu kubwa ya chumvi na madini yaliyoyeyuka hubaki nyuma. Osmosisi yenyewe ni tabia ya maji kuvuka utando wa namna hiyo kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Mtambo huu huilazimisha safari hiyo igeuke, na ndiyo maana ukaitwa wa kinyume. Jean-Antoine Nollet aliieleza tabia hiyo nchini Ufaransa mwaka 1748, lakini utando wa kufaa kwa kazi hii ulipatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walipoutengeneza kwa asetati ya selulosi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Tando nyingi za majumbani leo ni za poliamidi, aina iliyotokana na kazi ya John Cadotte katika miaka ya 1970. Utando huo ndio unaofanya kazi iliyomfanya mnunuzi atoe fedha zake, kwa hiyo ubora wa chujio hupimwa kwa jinsi sehemu nyingine zote zinavyoutumikia, na kwa jinsi mtambo mzima unavyolingana na maji ya nyumba husika.

Mnunuzi anapaswa kuyajua maji yake kabla ya kuijua mashine. Kipimo cha TDS, yaani kifaa cha mkononi kinachokadiria jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme, hutoa jibu kwa miligramu katika kila lita. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, maji yaliyo chini ya 600 kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na yanayopita 1,000 huzidi kuwa magumu kunyweka. Visima vya Dar es Salaam na Mombasa vilivyoingiliwa na maji ya bahari huweza kuvuka kiwango hicho, na hapo mtambo huu una kazi ya haki. Hata hivyo, kipimo hicho hakisemi ni kitu gani kilichoyeyuka. Katika maeneo ya miamba ya volkano, kama Arusha na miteremko ya Mlima Meru nchini Tanzania au Nakuru nchini Kenya, maji yanaweza kuwa na ladha nzuri na namba ndogo huku yakibeba floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichopendekezwa na shirika hilohilo. Floraidi hiyo huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, ikizidi sana hudhuru mifupa, na haiondoki kwa kuchemsha maji. Kwa hiyo huko majibu ya maabara hutangulia ununuzi. Kwa upande mwingine, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ambayo kasoro yake ni tope na vijidudu tu, hayahitaji utando huu, kwa kuwa kuyachuja na kuyachemsha hutosha.

Utando wenyewe hupimwa kwa hesabu nyepesi. Maji yakiingia na TDS ya 1,500 na kutoka na 75, utando umezuia asilimia 95, na utando mzuri wa poliamidi huzuia takriban asilimia 95 hadi 98. Sampuli huchukuliwa baada ya maji kutiririka kwa muda, na kabla hayajapita kwenye kichujio cha kurudisha madini, kwa sababu kichujio hicho huongeza namba na kuuficha ukweli wa utando. Kiwango cha Marekani kinachoitwa NSF/ANSI 58 huhitaji TDS ipungue kwa asilimia 75 tu, kwa hiyo anayeona nembo yake asome pia asilimia iliyopimwa na orodha ya vitu vilivyojaribiwa, hasa floraidi ikiwa ndiyo anayoikimbia.

Poliamidi ina adui mkubwa, ambaye ni klorini inayotiwa katika maji ya bomba ili kuua vijidudu, kwani huila taratibu mpaka chumvi ikaanza kupenya. Kwa sababu hiyo kichujio cha mkaa amilifu, yaani mkaa uliotayarishwa ili unase klorini na harufu, lazima kitangulie utando, nacho kitanguliwe na kichujio cha mashapo kinachozuia mchanga na kutu, kwa kawaida cha mikroni 5. Mkaa ulioshindiliwa ukawa kipande kimoja kwa kawaida huaminika kuliko chembe zilizomiminwa ndani ya mkebe, kwa sababu maji hayapati njia ya mkato katikati yake.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni shinikizo, au presha kama mafundi wanavyoiita. Tando nyingi za majumbani hukadiriwa kwa shinikizo la baa 3.4 hivi na kwa maji yenye chumvi kidogo, ilhali nyumba nyingi za Afrika Mashariki hupata maji kutoka kwenye tangi la juu, na kila mita 10 za kimo hutoa baa 1 tu. Tangi lililo mita 5 juu ya sinki hutoa nusu baa, na maji yenye TDS ya 1,000 huhitaji takriban baa 0.7 ili kuishinda osmosisi yenyewe kabla ya tone la kwanza kupita. Katika nyumba ya namna hiyo chujio lisilo na pampu ni pambo, hata kama utando wake ni wa daraja la juu.

Maji ambayo mtambo huyatupa pamoja na chumvi iliyozuiwa nayo yana ushahidi wake. Mitambo ya zamani humwaga lita tatu au nne kwa kila lita inayonyweka, na mipya hukaribia lita moja kwa kila lita hiyo. Lakini maji yenye chokaa na chumvi nyingi yakibanwa mno huuziba utando, kwa hiyo uwiano mzuri ni ule unaolingana na maji yaliyopimwa. Maji hayo ya kutupwa hufaa kupigia deki au kumwagia chooni. Tangi la akiba la mtambo linapojaa maji yaliyochujwa, vali ya kujifunga inapaswa kuyakatisha kabisa. Mpira wa kutolea ukiendelea kutiririka, vali hiyo ni mbovu. Vilevile mikebe ya ukubwa wa kawaida hushinda ile inayokubali vichujio vya mtengenezaji mmoja tu, kwani vipuri vyake hupatikana kwa wauzaji wengi.

Wako wauzaji wanaotumbukiza vijiti vya umeme katika glasi mbili, na maji ya bomba yakageuka rangi ya kutu huku yaliyochujwa yakibaki meupe. Rangi hiyo hutoka kwenye chuma cha kijiti kinachoyeyushwa na umeme, na madini ya kawaida ya maji huusaidia umeme huo upite. Jaribio hilo, basi, halithibitishi uchafu. Kipimo cha TDS kilichomo mkononi mwa mwenye nyumba kina manufaa zaidi, mradi namba ya siku ya kwanza iandikwe kwenye mlango wa kabati na nyingine ziongezwe chini yake kila mwezi. Vichujio vya mwanzo hubadilishwa kwa ratiba, ili utando usichakae kabla ya wakati wake. Utando wenyewe hubadilishwa pale namba hizo zinapoonyesha kwamba chumvi imeanza kupita.